Paka Wawili wa Pacha Mmoja

Kwetu mapasa hawafi. Mapasa ndivyo tunavyowaita mapacha. Watu wengine wote wanaweza kufa, machifu wanakufa, mapadre wanakufa, lakini pacha mmoja akikata roho neno hilo halitamkwi. Husemwa amerudi, yaani amerudi alikotoka, na mama yake haruhusiwi kulia, kwa sababu machozi yake yatamwita yule aliyebaki amfuate mwenzake. Mimi nililelewa na masista. Nilijua kusoma, kudarizi na kujibu misa kwa Kilatini, na nikisikia habari hizo za mapasa nilikuwa nacheka mpaka mbavu ziniume. Kisha nikazaa wasichana wawili kwa mara moja, katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Elisabethville, na hamu ya kucheka ikaniisha.

Surua ilipita kambini mvua zilipokuwa zinakatika. Ilichukua watoto wa nyumba nyingi, na nyumbani kwangu ilimchukua yule aliyezaliwa wa pili. Walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameteremka kwa treni kutoka kaskazini ili aje kunisaidia, alitembea karibu yangu njia yote ya makaburini akinishika kiwiko. Wanawake wa kambi walidhani ananitegemeza. Kumbe alikuwa akinifinya kila macho yangu yalipoanza kulowa, na alikuwa na vidole vya mtu aliyetwanga mihogo maisha yake yote. Nilirudi nyumbani na alama za kucha na macho makavu.

Mume wangu alikuwa fundi wa njia. Siku nyingi alilala huko porini wanakobadilisha mataruma ya reli, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: mimi, mama mkwe, na mtoto aliyebaki. Mtoto aliuliza mwenzake yuko wapi. Aliniuliza mimi, nikajifanya sikusikia. Akamwuliza bibi yake, na bibi akamjibu bila kusita.

"Mwenzako alirudia."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kucheza, na hakuuliza tena. Tulimshukuru Mungu kwamba ameelewa upesi hivyo.

Desturi ya mapasa ni kwamba vitu vyao huwa viwili, na aliyerudi hanyimwi sehemu yake, la sivyo ataona wivu. Kila mlo mama mkwe aliandaa sahani mbili za bati, moja na bukari ya mtoto, ugali wetu wa kila siku, nyingine na kitonge kidogo ambacho baadaye alikwenda kukitupa nyuma ya nyumba. Vitenge vyao viwili vilikunjwa pamoja. Bombani, ambako sote tulipanga ndoo zetu asubuhi, wanawake waliendelea kuniita Mama Mapasa, tena kwa heshima zaidi kuliko zamani. Nilikuwa natamani kuwapiga na ndoo. Niliitikia, nikajaza maji, nikaenda.

Habari ya paka ilianza kwa sababu ya panya. Posho ya unga ilikuwa inakaa katika gunia chumbani, na panya wa kambi ile hawakuwa na adabu hata kidogo. Walipita mchana kweupe mbele ya babula, jiko letu la makaa, wakitutazama usoni. Mtoto akaomba paka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu surua kuomba kitu chochote, kwa hiyo ningemletea hata chui.

Jirani yetu mmoja alikuwa mpishi wa familia ya wazungu waliokuwa wanarejea kwao Ulaya, na walikuwa wamemwachia paka wao, jike jeupe lenye madoa meusi, nene, lililozoea maziwa na kuitwa kwa Kifaransa. Nilimchukua. Watu wa kambi walimcheka sana paka huyo. Wakamwita évolué, kama walivyoitwa waheshimiwa wetu wenye tai na karatasi za serikali, na walipopita mlangoni walimsalimia kwa bonjour.

Mama mkwe hakucheka. Alimtazama paka, akamtazama mtoto, akaniuliza paka wa mwenzake yuko wapi. Nilimwambia kwamba mwenzake hahitaji paka. Alinipa mgongo, na jioni ile hakugusa chakula. Kesho yake nilikwenda sokoni kwa mama mmoja aliyeuza samaki wakavu kutoka Pweto. Katika lori lililoleta magunia yake alikuwa amejificha paka wa kijivu, jike pia, mwembamba, sikio moja limechanika, na alikuwa amekaa kibandani kwake tangu siku hiyo akila vichwa vya samaki. Mama wa samaki alifurahi kumtoa. Nilimbeba ndani ya kikapu kilichofungwa kamba, akinikwaruza njia nzima. Majirani walimpa jina papo hapo: musenji, mshamba aliyetoka porini. Basi nilikuwa nao wote wawili, évolué na musenji, na mama mkwe aliwatandikia kila mmoja kitenge chake: mweupe kitenge cha mtoto wetu, wa kijivu kitenge cha aliyerudi.

Sikujua kitu kuhusu paka. Nilidhani ni kama watoto, unawaweka sakafuni pamoja, watazoeana. Nilifungua kikapu katikati ya chumba. Sijawahi kusikia makelele ya namna ile. Walikuwa mpira mmoja wa manyoya unaobingirika, sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, ikapinduka, makaa yakamwagika, mtoto akapanda juu ya kitanda akilia. Musenji alikimbilia chini ya kitanda. Évolué, na malezi yake yote ya kizungu, alibaki katikati ya chumba akitoa sauti ya shetani.

Nilikuwa nafagia makaa nilipomwona mama mkwe. Alikuwa amebandika mgongo wake ukutani.

"Njo yeye, ule alirudia," alisema kwa sauti ndogo. "Anagombania mwenzake. Mama Mapasa, sikia miye: kama paka moja inafukuza ingine mu hii nyumba, mutoto ataenda."

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia mambo hayo ni ya kipagani, kwamba paka ni paka, kwamba padre akisikia atamnyima komunyo. Nilisema mengi. Lakini tangu saa ile nilijua kwamba sitaacha paka yeyote atoke katika nyumba yangu. Ningeweza kuwapeleka wote wawili sokoni asubuhi ile na kununua mtego wa panya. Sikuthubutu.

Nikaanza kazi ya kuwapatanisha. Kabla ya masista kunichukua, baba yangu alikuwa na mbuzi, na niliwahi kuona anavyofanya mama mbuzi anapokataa mtoto yatima. Hakulazimisha. Aliwatenga, akamsugua yatima kwa nyasi alizolalia yule mama, siku baada ya siku, mpaka harufu ya mgeni ikawa harufu ya nyumbani. Nikasema nitafanya hivyo hivyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo nilimfungia wa kijivu katika chumba cha nyuma, chumba ambacho wasichana wangu walikuwa wanalala. Tangu surua mtoto alilala pamoja nami mbele, na chumba kile kilikaa kitupu. Mweupe alibaki na sisi. Katikati yao palikuwa na mlango wa mbao, uliopunguka chini kiasi cha kupitisha vidole.

Niliweka chakula cha mmoja upande huu wa mlango na cha mwingine upande ule. Mwanzoni walikataa kusogea. Nilivisogeza vibakuli mbali, kisha kila siku kidogo karibu zaidi, mpaka wakala huku wakinguruma, pua kwa pua, ubao katikati. Mtoto alikaa nyuma yangu akitazama. Nilimwambia asifungue mlango, asiingie, kwa sababu aliye ndani bado hajazoea. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe.

Kazi iliyobaki ilikuwa kubadilishana vitenge, huyu alalie harufu ya yule. Hapo mama mkwe alikataa katakata. Kitenge cha aliyerudi hakigusi mahali pa aliyebaki. Ni kama kumfungulia njia. Tuligombana juu ya neno hilo mpaka majirani wakazima maongezi yao ili wasikie vizuri. Mwishowe nilingoja Jumapili aende misa ya kwanza. Nilichukua kitenge kutoka chumba cha nyuma, na kabla ya kukitandika nilikiinua puani. Nilitegemea harufu ya paka na samaki wa Pweto. Ilikuwepo. Chini yake alikuwepo mwanangu, shingo yake, mafuta ya mawese niliyompaka ngozi ilipokuwa inabanduka kwa surua. Nilikaa juu ya gunia la unga na kitenge usoni, na hata hapo sikulia. Nilikuwa nimefundishwa vizuri. Moyo uliniuma kama jino.

Paka walibadilika. Kunguruma kulipungua. Nilianza kuona mguu wa kijivu ukitokeza chini ya mlango, ukipapasa, na mguu mweupe ukiupiga kofi, kisha yote miwili ikitulia. Nilijivuna sana. Lakini katika majuma yale yale mtoto wangu alianza kukonda. Baridi ya miezi ya kiangazi ilikuwa imeingia, nilimvalisha sweta aliyonipa sista mmoja wa misheni, na ndani ya sweta hapakuwa na mtoto, palikuwa na mifupa. Sahani yake ilirudi safi kila mlo. Nilimpeleka zahanati, mwuguzi alimtazama macho na ulimi, akasema hana kitu, alishwe tu. Nilimwongezea bukari, nikamwongezea samaki. Alikonda zaidi. Mama mkwe alikuwa anamtazama mtoto, kisha mlango wa chumba cha nyuma, kisha mimi, na jioni nilimsikia akiongea peke yake uani kwa Kiluba, akimbembeleza mtu nisiyemwona amwache mwenzake.

Sasa niseme ukweli: niliamini. Mwanamke mzima, mwenye rozari shingoni, niliamini kwamba mwanangu aliyekufa alikuwa nyuma ya ule mlango akimnyonya dada yake kidogo kidogo. Nilipopeleka chakula cha paka niliingia kwa ubavu, nikaweka bakuli, nikatoka bila kutazama pembe za chumba. Nilimwogopa mtoto niliyemzaa. Sijui kama kuna jambo baya kuliko hilo ambalo mama anaweza kuhisi.

Ikawa siku moja, mchana, nilirudi kutoka bombani mapema kuliko kawaida. Mama mkwe alikuwa bado sokoni. Nilifika mlangoni na ndoo kichwani nikasikia mtoto anaongea ndani. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, shavu limebanwa chini, mdomo kwenye ule upenyo wa mlango wa nyuma. Sahani yake ilikuwa karibu. Alimega bukari, akaikanda ikawa nyembamba, akaisukuma chini ya mlango kwa kidole. Mguu wa kijivu ulitokeza upande wa pili na kuivuta ndani.

"Kula," alikuwa anasema. "Kula yote, miye nimeshiba. Banasema ulirudia, juu ya nini hautoke?"

Nilitua ndoo. Sijui niliitua vipi, nusu ya maji ilinimwagikia. Mtoto aligeuka, na hakuonekana kuwa na hofu, alionekana amechoka. Nilimwuliza anaongea na nani. Akaniambia anaongea na mwenzake. Bibi alisema alirudi. Kila siku bibi anamwekea sahani, lakini chakula chenyewe ni kidogo mno, na kinatupwa nje wakati yeye yuko ndani. Mimi mwenyewe nilisema aliye ndani bado hajazoea. Anamsikia akikwaruza mlango akitaka kutoka. Anamsikia akilia kwa sauti ndogo. Kila anachompa anakimaliza, kwa hiyo ana njaa sana. Mtoto alieleza yote haya kwa utaratibu, kisha akaniuliza sababu, swali ambalo nalisikia mpaka leo.

"Mama, juu ya nini mulimufungia?"

Nilifungua mlango. Sikupata jambo jingine la kufanya. Mtoto aliingia mbio. Alitazama chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya sanduku la bati, akafunua godoro. Paka wa kijivu alikuja kujisugua miguuni pake naye akamsogeza kando bila kumwangalia. Alizunguka chumba chote, kisha akasimama katikati na mikono yake imelegea.

"Iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Neno lenyewe ni dogo, mtu yeyote analisema, tunalisema juu ya kuku. Halikutoka. Nililijaribu kwa Kifaransa ndani ya kichwa changu, lile nililotumia kuwacheka wanawake wa kijijini wasiolijua, nalo likagoma. Niliogopa kwamba nikilitamka ataniangukia hapo hapo miguuni.

Mama mkwe alitukuta hivyo, kikapu cha majani ya sombe kikiwa bado kichwani. Akauliza kuna nini. Nilimweleza yote, bukari chini ya mlango, sahani, njaa, na nilipokuwa nasema niliona uso wake unazeeka. Alitua kikapu. Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu mbele kama wanawake wanavyoketi penye msiba, akamvuta mtoto katikati ya magoti yake.

"Mutoto yangu, sikia bibi. Mwenzako hakurudia hapa. Alikufwa. Tulimuzika mu udongo, na hatutamuona tena. Ule mwenye kulia mu chumba iko paka tu."

Kisha alilia. Alilia kwa sauti kuu, kilio cha matanga tulicholinyima kaburi, na mtoto akalia kwa sababu bibi yake analia, kisha akalia kwa ajili yake mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Paka mweupe aliingia kutoka mbele akamkuta mwenzake kizingitini. Yule wa kijivu alipuliza mara moja, mweupe akapinda mgongo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nguvu ya kuwaachanisha. Walinusana puani, wakanusana nyuma. Halafu wakaanza kula vipande vya bukari vilivyobaki sakafuni, mmoja huku, mwingine kule. Mimi nilikuwa bado nimesimama, macho makavu, nguo zikinichuruzika maji.

Jioni ile mama mkwe aliniambia kwamba mwiko ameuvunja yeye, na kama kuna la kuja, limjie yeye. Aliacha kuandaa sahani ya pili. Sikumwuliza alipata wapi ujasiri, kwa sababu nilikuwa na haya. Lakini tuliishi kwa kusikiliza. Mtoto akikohoa, sote wawili tuliacha tulichoshika. Akichelewa kuamka, nilimwekea mkono puani. Na mara nyingi, paka wote wawili wakiwa uani juani mbele ya macho yangu, nilisikia mlango wa chumba cha nyuma ukikwaruzwa, polepole, chini kabisa, pale kidole cha mtoto kinapofika. Nilimwangalia mama mkwe. Naye alikuwa anatazama huko huko.

Mtoto alikula. Alikula kwa hasira, sahani nzima, na kazi ya paka akaichukua yeye. Aliwapigia kelele wakipigana, akawagawia vichwa vya samaki kwa haki, mpaka baridi ilipokaribia kwisha walikuwa wanalala juu ya gunia moja la unga, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akijifanya hajui mwingine yuko. Majirani walisema évolué na musenji wamefunga ndoa ya kanisa.

Asubuhi moja nilikwenda naye bombani. Paka wote wawili walitufuata mkia juu, na wanawake kwenye foleni wakaanza utani wao. Mmoja, mwanamke mwema, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alimwinamia mtoto akamwuliza paka wake ni yupi.

"Mweupe iko yangu," mtoto alisema. "Ile ingine ilikuwa ya mwenzangu. Alikufwa. Sasa bote mbili iko yangu."

Maji yalifurika ndoo bila mtu kufunga bomba. Yule mwanamke alijiziba mdomo kama kwamba ni yeye aliyesema. Wengine walinigeukia mimi, wote, wakingoja nimpige mtoto kofi la mdomo, kama mama yeyote mwenye akili angefanya, kabla neno halijasikika mbali. Mtoto naye alinitazama. Alitaka kujua kama bibi alikuwa amesema kweli, maana mimi sikuwa nimemwambia kitu chochote, tangu surua mpaka asubuhi ile.

"Ndiyo," nilisema. "Mutoto yangu alikufwa."

Nililisema tena, kwa sauti zaidi, halafu nikaketi chini kwenye tope la bombani na kulia mbele ya kambi nzima. Mtoto alikuja akasimama karibu, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu. Ulikuwa na joto.